Kuunganisha printa ya waya na ruta ya nyumbani uliyopewa na kampuni ya intaneti

Kisanduku ambacho kampuni ya intaneti humfungia mteja wake, awe Fuoni, Unguja, au Wete, Pemba, kwa kawaida ni vifaa vinne vilivyokusanywa ndani ya gamba moja: modemu inayopokea mawimbi ya mkongo au ya laini ya simu, ruta inayogawa anwani (nambari za kukitambulisha kila kifaa ndani ya mtandao), kituo cha waifai, na swichi ndogo yenye matundu ya waya, aghalabu mawili hadi manne. Printa ya waya huitumia hiyo swichi, pamoja na sehemu ya ruta inayoipa anwani. Haina haja na modemu. Kwa hiyo kuchapisha hakuli bando: waraka hutoka kwenye kompyuta, hupita ndani ya ruta na kuingia kwenye printa bila kutoka nje ya nyumba, na kazi huendelea hata siku ambayo kifurushi kimekwisha au mkongo umekatika barabarani. Isipokuwa baadhi ya printa za HP zinazouzwa chini ya mpango wa HP+, ambazo jina la modeli yake huishia na herufi e. Hizo, zikishasajiliwa katika mpango huo, hudai kuwa na intaneti wakati wote, na mtu anayenunua printa kwa ajili ya ofisi ndogo ya nyumbani afadhali aliangalie jambo hilo kabla hajalipa.

Wengi huuliza kwa nini wahangaike na waya ilhali printa nyingi siku hizi zina waifai. Jibu limo ndani ya kuta. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake ni nene, na mawimbi ya waifai yanayotoka ukumbini huwa yamedhoofika sana yakifika chumba cha pili, sembuse ghorofa ya juu. Nyumba za matofali ya saruji zina nafuu, ila slabu ya zege yenye nondo hupunguza mawimbi vilevile. Printa haihamihami kama simu. Imewekwa mahali pamoja, na kifaa kisichohama ndicho kinachostahili waya kuliko vyote.

Matundu na waya

Tazama kwanza mgongo wa printa. Tundu unalolihitaji ni la mtandao, lenye umbo la mraba na vijiti vinane vidogo vya shaba ndani yake. Katika printa kadhaa tundu hilo huja likiwa limefunikwa kwa kibandiko au kifuniko cha plastiki, na wapo walioamini kwa muda mrefu kwamba printa yao haina kitu hicho. Printa zenye faksi huwa na tundu jengine linalofanana nalo lakini jembamba zaidi, ambalo ni la waya wa simu ya mezani. Hilo usiliguse, kwani haliingii katika kazi hii. Ikiwa mgongoni mna tundu la USB la mraba peke yake, printa yako haina mlango wa mtandao, na maelezo yake yatakuja mbele.

Upande wa ruta, matundu ya kuchagua ni yale yaliyoandikwa LAN, ambayo mara nyingi hutiwa rangi ya manjano. Tundu lililoandikwa WAN, likiwapo, ni la kupokea intaneti kutoka nje na wala si la printa. Ruta za 4G na 5G nyingi zina tundu moja lililoandikwa LAN/WAN kwa pamoja. Madhali ruta inatumia laini ya simu, tundu hilo hufanya kazi kama LAN, ijapokuwa katika baadhi yake hulazimika kulibadilisha kwenye mipangilio. Kwa ruta za mkongo, kampuni nyengine hulitenga tundu la nne kwa ajili ya televisheni, na kifaa kinachochomekwa hapo hakipati anwani inayofaa. Basi anza na tundu la pili au la tatu. Vile vijisanduku vidogo vya mfukoni vyenye betri kwa kawaida havina tundu la LAN, hivyo havifai kwa kazi hii.

Waya unaotosha ni wa daraja la Cat5e. Printa nyingi za nyumbani hupokea kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, na waya wa daraja la juu zaidi hautaifanya karatasi itoke upesi. Kiwango cha mwisho cha urefu ni mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, umbali ambao si rahisi nyumba kuufikia. Kwa mwendo mfupi nunua waya uliokwishafungwa ncha zake kiwandani. Kwa mwendo mrefu fundi atakata kutoka kwenye roli na kuzibana ncha mwenyewe, na hapo mambo mawili yanahitaji jicho lako: ncha zote mbili zifuate mpangilio mmoja wa rangi, na nyuzi za ndani ziwe za shaba halisi. Zipo roli za bei nafuu ambazo nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba, huvunjika zikikunjwa. Waya usiende sambamba na waya wa umeme ndani ya bomba moja. Kama nyumba ipo Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, usitoboe ukuta kabla ya kuuliza Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mara nyingi waya unaweza kupitishwa pembezoni mwa ngazi au juu ya fremu ya mlango bila ya kutoboa chochote. Katika nyumba zinazopigwa na upepo wa bahari, ncha zinazokaa nje huota kutu ya kijani kibichi baada ya muda, na ncha yenye kutu hukatwa ikafungwa mpya, haisuguliwi.

Kabla ya kuchomeka waya, zima waifai ya printa ikiwa ilikuwa imewashwa. Modeli nyingi haziwezi kutumia waifai na waya kwa pamoja, na baadhi yake hukataa kuuona waya mpaka ubadilishe mwenyewe kwenye menyu ya mtandao. Chomeka ncha moja kwenye ruta na nyengine kwenye printa mpaka usikie kila moja imelia “tik”. Taa ndogo kando ya tundu zinapaswa kuwaka, moja ikitulia na nyengine ikipepesa. Zisipowaka kabisa, tatizo ni la waya au la tundu, na hakuna mpangilio wowote wa kompyuta utakaoliondoa; jaribu waya mwengine mfupi, kisha tundu jengine, kabla ya kuendelea.

Anwani, ambayo ndiyo kiini cha kazi

Taa zikishawaka, chapisha ukurasa wa hali ya mtandao kutoka kwenye menyu ya printa yenyewe. Katika ukurasa huo tafuta mstari wa anwani ya IP. Ukiona kitu kama 192.168.1.14, printa imepokea anwani kutoka kwenye ruta na iko ndani ya mtandao wa nyumba. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, printa iliomba anwani ikakosa jibu, ikajibunia yake, na kompyuta zako hazitaifikia. Ukiona sufuri tupu, rudi kwenye waya.

Watu wengi huishia hapo, huiongeza printa kwenye kompyuta, huchapisha karatasi ya majaribio na kufurahi. Baada ya wiki mbili au tatu printa huandikwa kuwa haipo, ingawa taa zake zinawaka na waya uko pale pale. Sababu ni kwamba anwani ile ilikuwa ya kukopeshwa. Ruta hugawa anwani kwa muda maalumu, na muda ukipita ikiwa printa imezimwa, au ruta ikijiwasha upya, anwani ile inaweza kupewa simu ya mgeni. Kompyuta huendelea kupeleka nyaraka kwenye anwani ya zamani, kama anayebisha hodi kwa mpangaji aliyehama bila kuaga.

Kwetu visiwani, tatizo hili husababishwa zaidi na umeme kuliko muda kwisha. Umeme ukikatika na kurudi, printa na ruta huwaka kwa wakati mmoja, lakini ruta huchukua muda mrefu zaidi kuamka. Printa huomba anwani wakati ambapo hakuna wa kuijibu, hukata tamaa, na kujipa anwani ya 169.254. Baadhi huomba tena baadaye na kufanikiwa, nyengine hukaa hivyo mpaka zizimwe na kuwashwa. Ukiona printa imepotea kila baada ya umeme kukatika, na inarudi ikizimwa na kuwashwa, huna haja ya fundi. Una haja ya anwani isiyobadilika.

Njia za kuifanya anwani isibadilike ni mbili. Ya kwanza ni kuihifadhi ndani ya ruta. Fungua kivinjari kwenye kompyuta iliyo katika mtandao huo na uandike anwani ya ruta, ambayo imechapishwa kwenye kibandiko chini yake pamoja na jina la kuingilia na neno la siri: ruta za 4G za Huawei hutumia mara nyingi 192.168.8.1, za mkongo za kampuni hiyo 192.168.100.1, za ZTE 192.168.1.1, na za TP-Link 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ingia sehemu ya LAN, kisha DHCP, yaani sehemu ya kugawa anwani, utafute palipoandikwa “Address Reservation”, “Static DHCP” au maneno yenye maana hiyo. Hapo huandikwa anwani ya MAC ya printa, ambayo ni tarakimu na herufi kumi na mbili zilizomo katika ule ukurasa uliouchapisha, pamoja na anwani ya IP unayotaka iwe ya printa daima. Hakikisha umenakili MAC ya mlango wa waya, kwa kuwa ya waifai ni nyengine. Hifadhi, kisha zima printa na uiwashe.

Njia ya pili ni kuiandika anwani ndani ya printa yenyewe. Katika menyu ya mtandao badilisha kutoka anwani ya kupewa kwenda anwani ya kuandikwa kwa mkono, uweke kwa mfano 192.168.1.240, kinyago cha mtandao (“Subnet Mask”) 255.255.255.0, na lango (“Gateway”) liwe anwani ya ruta. Nambari tatu za mwanzo lazima zifanane na za ruta. Ile ya mwisho iwe nje ya safu ambayo ruta inagawa. Ikiwa ruta inagawa kuanzia 2 hadi 254, punguza mwisho wa safu uwe 199, na nambari za juu ya hapo ziwe zako.

Vitabu vingi vya printa hupendekeza njia ya kwanza, na kwa ruta uliyoinunua mwenyewe nami nakubaliana navyo. Kwa ruta ya kampuni naegemea njia ya pili, kwa sababu mbili. Kwanza, kampuni nyingi humpa mteja jina la kuingilia lenye mamlaka madogo, na ukurasa wa kuhifadhi anwani huwa umefichwa. Pili, ruta hiyo si yako: fundi anaweza kuirejesha katika hali ya kiwandani anapotafuta hitilafu, au kampuni ikaibadilishia programu kutoka mbali, na kila ulichokiandika humo kikafutika. Anwani iliyoandikwa ndani ya printa hubaki, na printa yenye anwani yake haimsubiri mtu umeme unaporudi. Ikiwa huwezi kuipunguza safu ya ruta, chagua nambari ya juu kama 240 au 250. Katika nyumba yenye vifaa vichache hatari ya kugongana ipo, lakini ni ndogo, na ruta nyingi hupima kwanza kama anwani inatumika kabla ya kuitoa.

Njia hii ina udhaifu mmoja unaofaa kujulikana mapema. Kampuni ikikubadilishia ruta, au ukihama kampuni, mtandao mpya unaweza kutumia nambari nyengine, tuseme 192.168.100 badala ya 192.168.1. Printa itabaki na anwani ya mtandao usiokuwepo tena. Hapo irudishe kwanza kwenye anwani ya kupewa, ichapishe ukurasa wa mtandao ili uone nambari mpya, kisha uiandikie tena. Kwa hiyo karatasi yenye anwani, kinyago na lango ibandikwe ubavuni mwa printa, na aliyekuja kuitengeneza bila ya wewe kuwepo ataishukuru.

Kuiongeza kwenye kompyuta na simu

Katika Windows 11 fungua “Settings”, kisha “Bluetooth & devices”, halafu “Printers & scanners”, na ubonyeze “Add device”. Kompyuta itatafuta yenyewe na pengine itaiona printa, lakini usiichague upesi. Ikiongezwa kwa njia hiyo, Windows mara nyingi huiunganisha kwa utaratibu wa WSD, ambao huigundua printa kila mara upya na hujulikana kwa kuipoteza. Subiri paonekane “Add manually” au “Add a new device manually”, uchague kuongeza printa kwa anwani ya IP, aina ya kifaa iwe “TCP/IP Device”, na uandike ile anwani uliyoipanga. Kompyuta itazungumza na printa moja kwa moja kupitia mlango nambari 9100, ambao si tundu la waya bali ni nambari ambayo printa hupokelea kazi. Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia printa, ipakue kutoka tovuti ya mtengenezaji kabla ya kuanza, kwa kuwa hatua hii pekee ndiyo inayoweza kula bando. Faili la draiva kamili la printa zenye skana huwa kubwa, na faili dogo la msingi hutosha kwa kuchapisha tu.

Ikitokea Windows inasema printa haipo hewani ilhali anwani inajibu, fungua sifa za printa, sehemu ya milango, “Configure Port”, na uondoe alama kwenye “SNMP Status Enabled”. Baadhi ya printa hazijibu maswali ya hali yanayoulizwa kwa utaratibu huo, na Windows huchukulia ukimya huo kuwa printa imezimwa. Kujua kama anwani inajibu, fungua dirisha la amri (“Command Prompt”) na uandike neno ping likifuatiwa na anwani ya printa. Kwenye kompyuta za Apple, ukurasa wa kuongeza printa una alama ya IP ambapo huandikwa anwani hiyo hiyo.

Simu za Android na iPhone zinaweza kuchapisha kwenye printa ya waya, mradi simu iko kwenye waifai ya ruta ile ile na printa inakubali utaratibu wa AirPrint au Mopria. Printa haihitaji waifai yake kwa jambo hilo; ruta ndiyo inayoziunganisha pande mbili. Simu ikiwa kwenye mtandao wa wageni haitaiona printa, maana mtandao huo umetengenezwa makusudi usivione vifaa vya nyumbani. Hilo ni zuri kwa wanaokodisha vyumba.

Nyumba yenye ruta mbili

Hali hii inazidi kuwa ya kawaida: ruta ya kampuni iko chini, mawimbi hayafiki juu, mwenye nyumba ananunua ruta ya pili, anaiunganisha na ya kwanza kwa waya, kisha printa inaonekana kwenye baadhi ya kompyuta na kwenye nyengine haionekani. Hapa kuna mitandao miwili. Ikiwa waya unaotoka chini umechomekwa kwenye tundu la WAN la ruta ya juu, ruta hiyo huanzisha mtandao wake wenye nambari zake. Kifaa kilicho juu kinaweza kukifikia kilicho chini kikipewa anwani yake, lakini cha chini hakiwezi kukifikia cha juu. Ndiyo maana mwalimu wa skuli mwenye kompyuta ghorofani huchapisha kwenye printa iliyopo ukumbini, huku kompyuta ya ukumbini haiwezi kuitumia printa iliyo ghorofani.

Tiba iliyo bora ni kuingia katika mipangilio ya ruta ya pili na kuibadilisha iwe kituo cha waifai, hali inayoandikwa “Access Point”. Hapo huacha kugawa anwani, na nyumba nzima huwa mtandao mmoja. Ikiwa haina chaguo hilo, badilisha anwani yake isigongane na ya ruta ya kampuni, zima DHCP yake, kisha uhamishe waya kutoka tundu la WAN kwenda mojawapo ya matundu ya LAN. Na kama ulichokosa ni matundu tu wala si mawimbi, usinunue ruta. Swichi ya mtandao yenye matundu matano ni rahisi zaidi, haina mipangilio yoyote, na huchomekwa ikafanya kazi.

Printa yenye USB peke yake

Ruta ya kampuni inaweza kuwa na tundu la USB, lakini tundu hilo mara nyingi ni la flashi au diski, na printa ikichomekwa hapo hakuna kitakachotokea. Njia zilizobaki ni kuichomeka kwenye kompyuta ya mezani na kuishirikisha kwa kompyuta nyengine, kwa sharti kwamba kompyuta hiyo iwe imewashwa kila mtu anapotaka kuchapisha, au kununua kijisanduku kinachoitwa printa seva, chenye tundu la USB upande mmoja na la mtandao upande wa pili. Cha pili ni kizuri kwa printa za leza za kawaida. Kwa printa zenye skana huwa mara nyingi kinapoteza uwezo wa kuskani, na kwa baadhi ya printa za bei ya chini hakifanyi kazi kabisa, hivyo orodha ya modeli zinazokubalika isomwe kabla ya kununua.

Umeme na milango

Ruta iwekwe kwenye UPS ndogo, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika. Ruta hutumia umeme kidogo na kukaa hewani muda mrefu. Printa ya leza isiwekwe humo, kwa kuwa kipasha joto chake huvuta mamia ya wati kwa ghafla na kinaweza kuizima UPS hiyo na ruta pamoja nayo. Printa ya leza ichomekwe ukutani kupitia kifaa cha kuzuia umeme unaopanda.

Mwisho, weka neno la siri kwenye ukurasa wa usimamizi wa printa, ambao hufunguka kwa kuandika anwani yake kwenye kivinjari na mara nyingi huja ukiwa wazi. Wala usikubali fundi akufungulie mlango 9100 kutoka nje ili uchapishe ukiwa safarini. Mlango huo hauulizi neno la siri: mtu yeyote ulimwenguni anayeiona anwani yako ya nje ataweza kutuma kurasa kwenye printa yako usiku kucha, na zipo programu zinazozunguka intaneti nzima zikitafuta milango ya aina hiyo. Anayehitaji kuchapisha akiwa Dar es Salaam amtumie aliyeko nyumbani faili kwa barua pepe au WhatsApp, na huyo achapishe.